Majina Yasiyofika Kitabu cha Pili: Usharika na Watu Wenye Ulemavu wa Akili

(Mada iliyotolewa katika juma la diakonia, mwaka wa Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Katika kabati la ofisi ya kila usharika wa Kilutheri hapa nchini hutunzwa vitabu vikubwa ambavyo havitolewi nje bila idhini. Kimoja ni Kitabu cha Ubatizo. Kingine ni Kitabu cha Kipaimara. Historia ya usharika, ile inayosomwa siku ya Jubilei kwa sauti ya furaha, kwa sehemu kubwa imetoka katika vitabu hivyo. Mtu akiviweka viwili sambamba mezani, akafuata jina moja moja la mtoto aliyebatizwa na kulitafuta tena miaka kumi na minne au kumi na mitano mbele, ataona majina mengi yamevuka. Mengine hayakuvuka, na sababu zake hujulikana: mtoto alifariki, wazazi walihama, kijana alikwenda mjini akapata kipaimara huko. Lakini yapo majina ambayo hayana hata moja ya sababu hizo. Mwenye jina yu hai, hajahama, pengine anakaa nyumba ya tatu kutoka lango la kanisa. Hakuvuka kwa sababu ana ulemavu wa akili, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yafaa avuke.

Mada hii yahusu majina hayo. Majengo yaliyojengwa, kwaya zilizoanzishwa na mitaa iliyozaliwa vimeelezwa vizuri na wengine katika kitabu hiki.

Nani hasa anazungumzwa

Ni vema kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya mtaani huyachanganya. Ugonjwa wa akili huweza kumpata mtu yeyote, hata profesa au mchungaji, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa namna hiyo. Huanza kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya utotoni, nao humfanya akue polepole katika kufahamu, kusema, kujitegemea na kuhusiana na wenzake. Katika jamaa hiyo ya ulemavu wa ukuaji wamo pia watoto wenye usonji, wenye hali ya Down na wenye mtindio wa ubongo. Hao wa mwisho huonewa zaidi kwa macho ya watu, kwa maana wengi wao wana akili timamu kabisa iliyofungiwa ndani ya mwili usiotii na ulimi usiotamka. Mtoto wa namna hiyo husikia kila neno linalosemwa juu yake mbele yake.

Lugha nayo ina historia yake. Kiswahili cha zamani kilimweka kiziwi, kipofu, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti na kijiko. Baadaye watu wakasema mlemavu na walemavu, wakawarudisha angalau katika ngeli ya watu. Siku hizi husemwa mtu mwenye ulemavu, ili mtu atajwe kwanza na hali yake ifuate. Wako wanaoona kwamba huo ni ubishi wa maneno. Lakini mama anayeitwa sokoni “mama wa yule taahira” hajawahi kuuona kuwa ubishi wa maneno, na katika Kanisa linaloamini kwamba Mungu huita kwa jina, haipendezi watu wazima wa miaka arobaini waendelee kuitwa kwa majina ya dhihaka waliyopewa na watoto wa shule.

Swali la “nani alikosa?”

Mtoto wa namna hii anapozaliwa, swali la kwanza la ukoo ni lile lile waliloliuliza wanafunzi katika Yohana sura ya 9, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi? Yesu alilikataa swali lenyewe. Hata hivyo lingali linaulizwa katika nyumba za Wakristo, na mara nyingi jibu huangukia kwa mama. Husemwa kwamba alivunja mwiko, au alilaaniwa na wakwe, au ukoo wake una “kitu.” Baba huondoka. Nyumba ngapi katika mitaa yote hulea mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa mikono ya mama na bibi peke yao, Wazee wa Kanisa wanajua bila kuambiwa.

Sababu zinazojulikana na waganga wa hospitali ni za kawaida mno hata hazina siri. Uchungu wa muda mrefu na mtoto kuchelewa kulia, hivyo ubongo kukosa hewa. Manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa mapema. Malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo. Upungufu wa madini joto katika chakula cha mama mjamzito, jambo lililoathiri sana maeneo ya nyanda za juu kabla chumvi yenye madini joto haijasambazwa nchini. Hali ya Down hutokana na kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, kama alivyoonyesha Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa mwaka 1959. Wengine sababu haijulikani, na kutojulikana kwa sababu si ruhusa ya kumtafuta mchawi.

Biblia yenyewe, inapomtaja Mefiboshethi mwana wa Yonathani, yaeleza ulemavu wake kwa namna ambayo daktari yeyote angeandika katika kadi: mtoto alikuwa na miaka mitano, ikaja habari ya vita, yaya akamchukua akakimbia, akamwangusha (2 Samweli 4). Hakuna laana hapo, wala dhambi ya mzazi. Palikuwa na haraka, na mikono iliyolemewa. Na habari yake haikuishia hapo, maana katika sura ya 9 mfalme Daudi alimtafuta mtu huyo aliyekuwa amefichwa katika nyumba ya mwingine huko Lo-debari, akamketisha mezani pake pamoja na wana wa mfalme. Ikumbukwe pia kwamba alirudishiwa shamba la babu yake. Wahubiri hupenda sana meza, lakini shamba hawalitaji. Ndilo lililokuwa haki yake, na hapa penye ardhi ya kihamba, ambapo ndugu mwenye ulemavu wa akili huwa wa kwanza kurukwa katika ugawaji, shamba lile lingestahili hubiri zima.

Historia ya Kilutheri, pamoja na kurasa zake ngumu

Ni kosa kufikiri kwamba Kanisa limekuwa daima upande wa watu hawa. Kumbukumbu za mazungumzo ya mezani ya Martin Luther, zilizoandikwa na wanafunzi wake, zina habari ya mtoto wa miaka 12 huko Dessau ambaye hakufanya lolote ila kula na kulia. Luther, kwa mujibu wa kumbukumbu hizo, alimwona kuwa si mtoto halisi bali kitu kilichobadilishwa na Shetani, akatoa shauri kwamba azamishwe mtoni. Watawala waliosikia shauri hilo hawakulifuata. Wakristo wa Kilutheri hawana sababu ya kuificha habari hiyo. Luther alikuwa mtu wa karne ya 16, akiamini juu ya watoto waliobadilishwa mambo ambayo majirani zake waliyaamini. Lakini shauri baya halitakaswi na jina la aliyelitoa.

Jambo la ajabu ni kwamba dawa ya shauri hilo imo katika mafundisho ya Luther mwenyewe. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akitetea ubatizo wa watoto wachanga, alifundisha kwamba ubatizo haupati nguvu zake kutoka katika imani au ufahamu wa anayebatizwa, bali kutoka katika Neno na agizo la Mungu. Na mwaka 1520, katika hotuba yake juu ya Agano Jipya, alikubali kwamba bubu na viziwi wapewe Sakramenti wakionyesha kwa ishara kwamba wanaitamani. Kwa hiyo Luther wa kimbari cha mafundisho anamjibu Luther wa mezani.

Ukurasa mgumu zaidi uko karne ya 20, nao wagusa moja kwa moja asili ya Kanisa katika nchi hii. Wamisionari Johanssen na Wohlrab waliofika Mlalo, Usambara, mwaka 1891 walitoka katika kazi iliyofungamana na Bethel, karibu na Bielefeld, Ujerumani. Bethel ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na chini ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeanza kuiongoza mwaka 1872, ikawa mji mzima wa watu wenye kifafa, ulemavu wa akili na magonjwa ya akili, wakifanya kazi, wakiimba na kuzikana pamoja na watumishi wao. Injili iliyoletwa Usambara, na baadaye Rwanda na Bukoba, ilitoka katika mji huo. Yaani mama wa imani ya Walutheri wengi wa Tanzania ni usharika uliojaa watu wenye ulemavu.

Nchi ile ile, mwaka 1933, ilitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu waliodhaniwa kuwa na ulemavu wa kurithi, na upasuaji huo ulifanyika hata Bethel. Kisha Hitler akatia saini kibali kilichoandikwa tarehe 1 Septemba 1939, na mauaji yakaanza. Hadi Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili walikuwa wameuawa kwa gesi katika vituo sita. Kimoja cha vituo hivyo, Grafeneck, kilikuwa kabla ya hapo nyumba ya Kanisa ya kulelea watu wenye ulemavu. Serikali ilikitwaa Oktoba 1939. Mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal aliandika waraka wa kupinga mnamo Julai 1940, akatiwa gerezani mwezi uliofuata. Askofu Theophil Wurm wa Württemberg aliandika kwa waziri mwezi ule ule wa Julai. Bodelschwingh mwana alikataa kujaza fomu za kuwataja wagonjwa wa Bethel. Lakini wako pia viongozi wa nyumba za Kikristo waliojaza fomu, wakafungua milango mabasi yalipofika. Waliojaza hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa ibada, waliokwisha kuzoea kwa miaka mingi kusema kwamba maisha fulani ni mzigo.

Hapo ndipo wageni wa Dayosisi na wanausharika waone kwa nini neno “mzigo” si dogo.

Kazi iliyofanyika hapa nchini

Haipendezi kuacha upande wa shukrani. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianzia mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika Mashariki. Huko Irente, Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki iliyokuwa tayari na shule ya wasioona ilianzisha katika miaka ya 2000 shule kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwanga, Kilimanjaro, na Njombe kuna shule za viziwi za Kanisa.

Mfano wa Moshi unastahili kuelezwa kwa nafasi zaidi. Dayosisi ya Kaskazini, katikati ya miaka ya 2000, ilianza mpango wa vituo vya kutwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Badala ya kujenga jengo kubwa mbali na watu, vituo viliwekwa katika majengo ya sharika zenyewe, ili mama amlete mtoto asubuhi, aende kwenye biashara yake, na amchukue jioni. Mbia wa kazi hiyo kutoka Marekani, shirika la Mosaic, lina mizizi katika Bethphage, iliyoanzishwa Nebraska mwaka 1913 na Mchungaji K. G. William Dahl kwa mfano wa Bethel. Hivyo kile kilichotoka Bielefeld kilifika Kilimanjaro kwa kupitia Nebraska.

Tofauti kati ya bweni la mbali na kituo cha kutwa si ya gharama tu. Bweni humsaidia mtoto, nalo lina nafasi yake, hasa pale ambapo ufundi maalumu wahitajika. Lakini usharika uliompeleka mtoto wake bwenini huweza kusahau kwamba ni wake. Kituo kilicho katika ukumbi wa usharika hukutana na kwaya ikienda mazoezini na wazee wakienda kikaoni, na kwa mwaka mmoja tu watu huacha kushangaa.

Sheria nayo iko. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria hukataza kubagua shuleni, kazini na hospitalini. Haiwezi kumwagiza mtu ampishe mwenzake kwenye benchi la kanisa.

Kipaimara na Meza ya Bwana

Hapa ndipo majina yanapokwama. Kwa desturi njema ya sharika nyingi, mwanafunzi wa kipaimara husoma miaka miwili, hukariri Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, kisha huulizwa mbele ya Wazee. Desturi hiyo imewalea Wakristo imara, wala hakuna anayetaka ifutwe. Lakini imezaa wazo hili: kwamba asiyeweza kukariri hawezi kukaribia Meza ya Bwana.

Wanaolinda desturi hutaja 1 Wakorintho 11, ambapo Mtume anataka kila mtu ajihoji kabla ya kula. Sura hiyo isomwe yote. Wakristo wa Korintho waliokemewa ni wale wenye uwezo, waliotangulia kula na kushiba, wakawaaibisha wasio na kitu. Kosa lao lilikuwa kutouheshimu mwili wa Kristo ambao ni ndugu zao. Kulitumia onyo hilo kumzuia ndugu aliye dhaifu ni kuligeuza juu chini. Na Luther katika Katekisimo Ndogo aeleza ni nani anayestahili Sakramenti. Anayestahili kwake ni yule anayeamini kwamba yale maneno yanamhusu yeye. Kijana mwenye hali ya Down anayenyoosha mikono miwili kila mkate unapopita, na kulia akirukwa, ameshajibu swali hilo kwa njia iliyo wazi kuliko vijana wengi wanaokariri huku wakitazama saa.

Mwalimu wa kipaimara ataona haraka kwamba anachohitaji si kitabu kipya. Anahitaji muda. Somo moja kwa mwezi, likirudiwa kwa maneno yale yale. Maji yaguswe, mkate ushikwe na kunuswa, wimbo mmoja uimbwe hadi uzoeleke. Mwenye usonji aonyeshwe kanisa likiwa tupu kabla ya siku yenyewe, na aelezwe ni nani atasimama wapi, kwa kuwa kelele na mabadiliko ya ghafla humtesa. Awepo mwenza wa rika lake, kijana wa darasa lile lile, wa kukaa naye na kupiga naye magoti. Na siku ya kipaimara asiwekwe pembeni na kuombewa kwa huruma. Jina lake lisomwe mahali pake kwa herufi, na liandikwe kitabuni bila alama yoyote ya kando.

Nyumbani baada ya ibada

Wazazi wa watu hawa wana hofu moja ambayo huitaja mara chache, hasa wakiwa wamezeeka: nitakapokufa, nani atambadilisha nguo? Mama wa miaka sabini anayemhudumia mwana wa miaka arobaini hamwombei kupona. Anaomba afe mwanawe kwanza. Sala hiyo husalika katika nyumba za Walutheri usiku, na ni juu ya usharika kujua kwamba yapo maombi ya namna hiyo katika mitaa yake.

Hofu ya pili ni ya binti. Wasichana wenye ulemavu wa akili hubakwa kwa sababu mbakaji anategemea kwamba hawatasadikiwa, au hawatajua kueleza. Familia huyamaliza kimya kimya kwa mbuzi. Jambo hilo ni jinai, na Mzee wa Kanisa anayeketi katika suluhu ya namna hiyo anashiriki katika kuificha. Mahali pake ni polisi na hospitali, upesi, kabla ushahidi haujapotea.

Kwa upande mwingine, msaada unaohitajika mara nyingi ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zikutane pia katika nyumba hizo. Mama ambaye hawezi kuondoka afikiwe na ibada mlangoni pake. Wanawake wawili wa mtaa wakikaa na mtoto siku ya Jumatano, mama atakwenda gulioni na kurudi akiwa mtu. Kikundi cha kuweka na kukopa kimpokee hata kama hana hisa nyingi. Mwenye kifafa asaidiwe asikose dawa hata siku moja, na anapoanguka ageuziwe ubavu, aondolewe karibu na moto. Povu lake haliambukizi, na makovu ya kuungua ambayo wengi wao wanayo yametokana na watu kurudi nyuma wakitazama. Baba anayelea, maana wapo, atajwe na kusifiwa hadharani kama wanavyosifiwa wafadhili wa bati.

Baraza la Wazee litakapokutana baada ya Jubilei, vitabu viwili vilivyotajwa mwanzoni vifunguliwe mezani, na kila Mzee achukue majina ya mtaa wake. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Majina yakipatikana, mchungaji na mwinjilisti wafike katika nyumba hizo, wakianza na wale waliokwisha kuzeeka bila kukaribishwa, kwa kuwa hao hawana miaka mingi ya kungoja.

Wapo ambao hawataweza kumeza vizuri. Wenye mtindio wa ubongo wengi hupaliwa kwa urahisi, nao huogopa kukohoa mbele ya watu. Mzazi aulizwe mapema jinsi mwanawe anavyokula. Mara nyingi chembe ndogo ya mkate iliyochovywa katika divai na kuwekwa taratibu kwenye ulimi, mtu akiwa ameketi wima na kichwa kimeinama kidogo mbele, hutosha. Mchungaji asubiri hadi ameze, kisha ndipo aende kwa anayefuata.